Pensheni ya jeshi la Marekani kwa mfumo wa BRS: mapitio ya ofisa mafao mstaafu wa Dodoma

Naanza na hukumu yangu, halafu nitaeleza nimeifikiaje. Mfumo wa pensheni ambao jeshi la Marekani limeuanza tarehe 1 Januari 2018, unaoitwa BRS (mfumo mseto wa pensheni na akiba), ni mzuri kwa kijana anayechangia asilimia 5 ya mshahara wake tangu siku za mwanzo. Huyo nampa nyota nne kati ya tano. Kwa asiyechangia ni nyota mbili, kwa sababu umempunguzia pensheni na yeye hajachukua kile kilichowekwa kuziba pengo. Na ndani yake kuna kipengele kimoja cha mkupuo ambacho, ningekuwa na uwezo, ningewazuia vijana wetu wasikiguse kabisa.

Nasema vijana wetu kwa sababu wapo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani anaweza kujiunga na jeshi lao kama askari wa kawaida hata kabla hajapata uraia, na familia kadhaa ninazozifahamu hapa Dodoma zina mtoto huko. Kwetu ni mtoto wa kaka yangu. Aliingia jeshini 2014 akiwa na miaka 19, sasa ni sajenti, na anakaribia kutimiza miaka 12 ya utumishi. Alipokuja likizo alifikia kwangu Kisasa. Tulipomaliza kula akaweka kompyuta yake mezani akasema, "Shangazi, wewe umeshinda na mambo ya mafao maisha yako yote. Niangalizie hii, mimi huwa nasaini tu."

Hapo kwenye kusaini tu ndipo nilipovuta kiti. Nilikaa dirisha la mafao la mfuko mmoja wa hifadhi ya jamii hapa mjini hadi nilipostaafu, na watu waliosaini tu ninawajua kwa sura.

Tuanze na mfumo wa zamani, maana bila huo huu mpya haueleweki. Askari wa kudumu aliyetumikia miaka 20 alikuwa anaondoka na pensheni ya kila mwezi inayoanza papo hapo, hata kama ana miaka 38. Hasubiri 55 wala 60 kama mtumishi wa umma wa kwetu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi, zidisha kwa wastani wa mshahara wa msingi wa ile miezi 36 aliyolipwa vizuri kuliko yote. Miaka 20 inatoa asilimia 50, miaka 30 inatoa 75. Ubaya wake ulikuwa ukuta wa miaka 20. Aliyetoka mwaka wa 8 au wa 12 alitoka mikono mitupu upande wa pensheni, na wanaotoka kabla ya miaka 20 ndio wengi kwa mbali. Kwetu kigezo cha pensheni ni miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15, na wengi walikuwa wakinilalamikia kwamba ni mingi. (Askari wa akiba wa Marekani wana hesabu yao ya pointi na kwa kawaida husubiri umri wa miaka 60. Hao siwagusi hapa.)

BRS imefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza imeshusha ile asilimia 2.5 kuwa 2.0, hivyo miaka 20 sasa inatoa asilimia 40. Pili, imeongeza akiba binafsi kwenye mfuko unaoitwa TSP, na serikali inachangia humo. Waliojiunga kuanzia 2018 wameingizwa BRS moja kwa moja. Waliokuwepo tayari na hawajafikisha miaka 12 mwishoni mwa 2017 walipewa mwaka mzima wa 2018 wachague kubaki au kuhama. Mwanetu alihama. Alikuwa na miaka minne tu kazini na hajui kama atabaki, kwa hiyo kwa hali yake alichagua sawasawa.

Sasa hiyo akiba, maana hapa ndipo pesa ilipo. Serikali inaweka asilimia 1 ya mshahara wa msingi hata kama askari hajachangia chochote. Kwa askari mpya hii huanza baada ya siku 60, na inakuwa mali yake kamili akitimiza miaka miwili. Baada ya miaka hiyo miwili serikali inaanza kulinganisha mchango wake: asilimia 3 za kwanza inalipa dola kwa dola, asilimia 2 zinazofuata inalipa nusu. Ukijumlisha, askari akiweka 5, serikali inaweka 5. Akiweka 3, serikali inaweka 4. Akiweka sifuri, anapata ile 1 peke yake.

Nikamwambia anifungulie hati yake ya mshahara. Ni ukurasa mmoja uliobanwa maandishi: kushoto stahili, katikati makato, kulia fedha anazoagiza ziende kwingine, na chini kabisa kuna sehemu ya TSP ambayo mtu anaweza kuipita miaka yote bila kuisoma. Nikaisoma kwa kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Yake ilikuwa asilimia 5. Nilishusha pumzi. Kisha akaniambia jambo lililonikaa sana: kijana mmoja wa kikosi chao aliyeingia 2019 bado yuko kwenye asilimia 3. Inaeleweka kwa nini. Mfumo ulipoanza, askari wapya walikuwa wanaandikishwa wenyewe kwa asilimia 3, na kiwango hicho kilipandishwa hadi 5 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020. Aliyeingia katikati hapo na hakugusa kitu anaweza kuwa anaacha asilimia 1 ya serikali mezani kila mwezi hadi leo. Kama una mtoto huko aliyeingia kati ya 2018 na Septemba 2020, mpigie umuulize namba hiyo. Asikwambie "ipo sawa", akusomee.

Nikupe mfano wa hesabu, na ni mfano wangu tu. Tuseme mshahara wa msingi umekaa wastani wa dola 3,000 kwa miaka 20. Yeye anaweka 150 kwa mwezi, serikali 150. Kwa miaka yote hiyo zimeingia dola 72,000. Zikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka zinakuwa karibu 123,000. Kwa aliyeanza upya itapungua kidogo kwa sababu ya ile miaka miwili ya kwanza. Soko la hisa halina ahadi na mtu, lakini angalau fedha ya waliojiunga chini ya BRS inaingizwa kwenye mfuko unaopangwa kwa umri wa mchangiaji, hailali kwenye dhamana za serikali peke yake.

Upande wa pili wa mizani sitauficha. Tuseme wastani wa miezi 36 bora ni dola 5,000. Mfumo wa zamani ungempa 2,500 kwa mwezi, BRS inampa 2,000. Dola 500 kila mwezi, kuanzia miaka 39 hadi Mungu atakapomwita, ni nyingi kuliko akiba niliyoitaja. Kwa hiyo anayefika miaka 20, mara nyingi mfumo wa zamani ulimfaa zaidi. BRS imemfaa yule anayetoka katikati, ambaye zamani hakupata kitu na sasa anaondoka na akaunti yenye jina lake. Mimi naona ni haki zaidi. Nimewaona watu wengi wakikosa kigezo kwa miezi michache, na uso wa mtu unayemwambia hivyo dirishani hausahauliki.

Msomaji wa Dodoma atauliza kuhusu posho, na ana haki, mji huu unaijua posho. Jibu ni kwamba pensheni yao inahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba na posho ya chakula, ambazo kwa askari mwenye familia ni sehemu kubwa ya kinachoingia benki, hazimo. Mwanetu alikuwa anapiga asilimia 40 ya kila kinachoingia. Nilipomtolea posho, alinyamaza, akachukua kalamu akaanza upya.

Kuna pia malipo ya kuendelea na utumishi. Hayo hutolewa mara moja, askari akiwa katikati ya utumishi, kwa sharti la kuongeza mkataba usiopungua miaka mitatu. Kiwango cha chini kwa askari wa kudumu ni mara 2.5 ya mshahara wa msingi wa mwezi. Lazima ayaombe kabla ya kutimiza miaka 12 ya utumishi, yanakatwa kodi, na akikatisha mkataba anaweza kudaiwa arudishe. Kwa mwanetu ambaye ameshaamua kubaki, ni fedha ya kuchukua. Anayepanga kutoka asijifunge kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye mkupuo, ndilo hasa lililonifanya niandike.

BRS inamruhusu anayestaafu achukue asilimia 25 au 50 ya pensheni yake kwa mkupuo, na aendelee kulipwa iliyobaki kila mwezi hadi afikie umri kamili wa hifadhi ya jamii ya Marekani, ambao kwa wengi wa rika lake ni miaka 67. Akifika hapo pensheni inarudi kamili. Ukiisikia hivyo inavutia. Kaka yangu alipoisikia kwenye simu alishaanza kutaja kiwanja Iyumbu na hosteli ya wanafunzi wa UDOM. Ninamwelewa. Sisi Watanzania tumepigania mkupuo kwa nguvu zote. Sheria ya 2018 ilipounganisha mifuko, kanuni zilizofuata zilitaka mkupuo uwe asilimia 25, watu wakalia, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha utekelezaji. Julai 2022 ukaja wa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walipata 50, na 35 kwa wale wa 25. Nilikuwa dirishani kwenye sehemu ya kelele hizo.

Namkumbuka mwalimu mkuu mmoja kutoka upande wa Kongwa. Alikuja na bahasha ya kaki, na nyuma yake ameandika kwa penseli: mabati, saruji, ada ya mtoto wa mwisho, mashine ya kukamulia alizeti. Nilipomsomea mkupuo wake alifuta mashine, akafikiri, akafuta mabati, akaacha ada. Pensheni ya kila mwezi hakuwa ameiandika popote kwenye ile bahasha. Alipokuwa anakuja kuhakikiwa baadaye, ilikuwa ndiyo inayomlisha yeye na mama watoto.

Madai ya watu wetu yalikuwa na msingi, na namba zinaonyesha. Chukua mtumishi mwenye wastani wa shilingi milioni 1 kwa mwezi na miezi 360 ya michango. Kwa kanuni ya zamani ya 1/540 (sehemu ya mshahara wa mwaka inayohesabiwa kwa kila mwezi wa mchango), mkupuo wa asilimia 50 na kizidishio cha 15.5, alipata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya kama 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sasa ya 1/580, asilimia 40 na kizidishio cha 12.5, anapata mkupuo wa kama milioni 37.2 na pensheni ya kama 372,000. Mtu aliyejipanga kwa milioni 62 akapewa 37 ana haki ya kulia. Hizo ni hesabu za watumishi walio kwenye mfuko. Wanajeshi wetu wa JWTZ hulipwa na Hazina, na mambo yao yana utaratibu wake.

Lakini tazama kwa makini mkupuo wa kwetu unavyopimwa. Kizidishio cha 12.5 maana yake mstaafu wa miaka 60 anayeachia sehemu ya pensheni yake analipwa thamani ya miaka 12 na nusu ya sehemu hiyo. Atakuwa amefika miaka 72 na nusu ndipo aanze kupungukiwa. Mtu anaweza kubishana, lakini kinabishanika.

Kwa Wamarekani, mkupuo unakatwa punguzo kwa kiwango kinachotangazwa kila mwaka, kwa hoja kwamba unapewa leo fedha ya miaka ijayo. Nilichukua asilimia 6.5 kwa mfano. Mwanetu akistaafu na miaka 39 kwa pensheni ya dola 2,000, akachagua nusu, anaachia dola 1,000 kila mwezi hadi miaka 67. Hiyo ni miaka 28, miezi 336, dola 336,000 kwa thamani ya leo. Anachopewa mkononi ni kama dola 154,500, na bado ni mapato yanayotozwa kodi. Kwa maneno ya dirisha letu, analipwa thamani ya miaka 13 hivi ili aachie miaka 28. Mzee wetu wa miaka 60 na kijana wao wa miaka 39 wanapata karibu kizidishio kilekile, ila kijana ndiye mwenye safari ndefu. Niliposema hivyo, mwanetu aliacha kutaja Iyumbu.

Na kuna ushahidi kwamba askari wamewahi kuvutwa hivi. Walioingia kuanzia tarehe 1 Agosti 1986 waliwahi kupewa chaguo la bonasi ya dola 30,000 wakifika mwaka wa 15, kwa kukubali pensheni ya miaka 20 ishuke kutoka asilimia 50 hadi 40, na nyongeza ya kila mwaka iwe pungufu. Ukipiga hesabu kwa mshahara wowote wa kawaida, dola 30,000 zinaliwa mapema sana. Mlango huo ulifungwa mwisho wa 2017, ukafunguliwa huu wa BRS. Uzuri ni kwamba hauingii kwa kukosea: anayetaka mkupuo lazima aombe angalau siku 90 kabla ya kustaafu. Asipofanya chochote, pensheni yake inabaki kamili. Hapa kutosaini ndiko kunakomlinda.

Kinachoifanya pensheni ya mwezi iwe na nguvu kuliko mkupuo ni nyongeza ya gharama za maisha. Kila mwaka inapanda kufuata bei: asilimia 8.7 mwaka 2023, 3.2 mwaka 2024, 2.5 mwaka 2025. Kwetu mstaafu husubiri itangazwe. Nikiwa na kitu kimoja cha kuomba kutoka kwao kije huku, ningeomba hicho kabla ya kingine chochote.

Kikokotoo cha mtandaoni cha wizara yao ya ulinzi ni bure na kinafanya kazi hata kwa intaneti ya huku. Unaweka cheo, miaka na mchango, kinakupa picha. Tahadhari ni moja: kiwango cha ukuaji wa akiba unajaza mwenyewe. Mwanetu aliweka asilimia 10, namba ikapanda, macho yakamng'aa. Nikambadilishia ikawa 5 nikamwambia apange maisha kwa hiyo, ya juu ikija itamkuta na akili zake. Nikamkumbusha pia kwamba TSP siyo ya kuchomoa ovyo. Kwa kawaida ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi.

La mwisho tulilokaa nalo ni la mkewe. Pensheni ya mwanajeshi wa Marekani inakoma siku anapofariki, isipokuwa awe amejiunga na mpango wa wategemezi wanaouita SBP. Makato ni asilimia 6.5 ya kiasi anachokilinda, na mwenza hulipwa asilimia 55 ya kiasi hicho. Kwa pensheni ya dola 2,000, anakatwa 130 na mjane anapata 1,100 kila mwezi, nayo inapanda na bei. Watoto wanaweza kuingizwa pia, hadi miaka 18, au 22 kama wako masomoni. Akitimiza miaka 70 na awe amelipa miezi 360, makato yanakoma na ulinzi unaendelea. Sijaona kwenye mfumo wote huo kitu kinachonipendeza kuliko hiki, kwa sababu sheria yao haimruhusu askari kukataa au kupunguza ulinzi huo bila mkewe kukubali kwa maandishi yaliyothibitishwa. Mwanetu alisema 130 ni nyingi, labda angeweka ulinzi mdogo. Nikampigia mkewe palepale, nikaweka spika, nikamsomea namba zote mbili, 130 na 1,100. Akasema, "Shangazi, nitumie hizo namba kwa maandishi." Nilimtumia kabla hatujaondoa vyombo mezani.